Ubeleko: Nani Alilipa Gharama ya Mtoto Safarini?

Katika posa za watu wa pwani ya Mrima na visiwani, mahari ni jambo moja na ada ni jambo jingine. Mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Ada huwaendea waliomlea: kilemba cha baba, mkaja na ubeleko vya mama. Mkaja ni kile kitambaa alichojifunga mama tumboni siku za uzazi. Ubeleko, ambao wengi siku hizi huuita mbeleko, ni nguo aliyombebea binti yake mgongoni. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo na wenzake waliziandika desturi za namna hii katika kitabu ambacho Carl Velten alikichapa mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Hata leo zipo familia za Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar ambazo mkaja na ubeleko haviachwi kutajwa wakati wa kujibu posa, tena kwa hesabu ya shilingi.

Ni deni linalodaiwa baada ya miaka ishirini hivi, na ni deni la haki kabisa. Watu wa pwani walikiri kwamba kumbeba mtoto ni kazi, kwamba kazi hiyo ina mwenyewe, na kwamba mwenyewe anastahili kupewa chake. Ukiifuata historia ya safari za Afrika Mashariki, kuanzia misafara ya pembe za ndovu mpaka treni ya umeme, utakuta wengi waliofaidika na mgongo huohuo wa mama bila kuuandikia hata senti moja.

Inafaa kwanza kuutazama ufundi wenyewe, kwa kuwa wengi huuona kila siku bila kuuangalia. Mama huinama mpaka mgongo unalala sawa. Humpandisha mtoto, kifua chake kikigusa uti wa mgongo wa mama, miguu ikikumbatia kiuno. Hutupa nguo juu yake, ncha moja ikipita chini ya kwapa na nyingine juu ya bega, au zote mbili chini ya makwapa, kisha huzisokota na kuzichomeka juu ya matiti. Ukingo wa chini hukazwa chini ya makalio ya mtoto. Hapo ndipo uzito wote unapokaa. Mama huinuka, hujitikisa kidogo kulijaribu fundo, na safari huanza. Mikono yote miwili iko huru kushika jembe, kamba ya ndoo au mzigo wa kichwani. Mtoto naye anasikia mapigo ya moyo, joto la ngozi na mwendo, na kwa kawaida haziishi hatua mia kabla hajasinzia.

Bara walibebea ngozi laini ya mbuzi au kondoo. Pwani walibebea shuka, na katika karne ya 19 shuka lililoenea kuliko yote lilikuwa merikani, pamba nzito isiyopaushwa iliyoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Mwishoni mwa karne hiyo ikaja kanga. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza biashara mwaka 1887, na vizazi vya akina mama vimelijua kwa alama ya Mali ya Abdulla. Kanga huuzwa doti, yaani mbili pamoja, na kwa mama mwenye mtoto mchanga hesabu hiyo ilikuwa sawasawa: moja ya kujifunga, moja ya kubebea. Ikichakaa haikutupwa. Kufuliwa mara nyingi kulikuwa kumeilainisha, basi ikachanwa vipande vya nepi. Kanga hiyohiyo ilitandikwa chini mtoto akilala, ikafunika kichwa chake wakati wa jua kali, ikamsitiri mama akinyonyesha mbele za watu. Familia iliyokuwa na doti tatu nzuri ilikuwa na karibu kila kitu cha kumsafirishia mtoto.

Na watoto walisafiri. Picha iliyozoeleka ya msafara wa karne ya 19 ni ya wanaume peke yao, mstari mrefu wa wapagazi wenye pembe begani na kirangozi, yaani kiongozi wa njia, mbele akiwa na vazi jekundu. Picha hiyo ina pengo. Wapagazi wa Kinyamwezi, ambao ndio walioishika kazi ya njia ya kati kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, mara nyingi walisafiri na wake zao, na wake walikuwa na watoto. Mwanahistoria Stephen Rockel, aliyewachunguza wapagazi hao kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba wanawake walikuwa sehemu ya kawaida ya misafara ya Unyamwezi. Walibeba vyombo, chakula na mkeka. Walipofika kambini walisonga ugali, wakatafuta maji na kuni. Mpagazi mwenye mke njiani alikula vizuri na kulala mahali pakavu kuliko mwenziwe aliye peke yake.

Safari zenyewe hazikuwa za mchezo. Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke waliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, mwishoni mwa Juni 1857 na kufika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Ni zaidi ya miezi minne kwa mguu. Mtoto aliyeondoka pwani akitambaa angeweza kuingia Unyamwezi akitembea.

Malipo ya mpagazi yalihesabiwa kwa mzigo, frasila mbili hivi, karibu kilo 32. Posho yake ilipimwa kwa kibaba cha nafaka. Mtoto hakuwa na kibaba chake. Alikula kutoka kwenye kile cha baba, au kutoka kwenye kile mama alichokipata kwa kubadilishana shanga na wanakijiji, na ndani ya mwaka wa kwanza na wa pili alikula zaidi kutoka kwenye mwili wa mama mwenyewe. Kwa lugha ya daftari la msafara, hakuwapo.

Mpelelezi Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, msafara wake ulikuwa na watu 356. Miongoni mwao aliwahesabu wanawake 36 na wavulana 10 waliofuatana na mama zao, wamebeba vyombo vidogovidogo. Msafara huo ulizunguka Ziwa Viktoria, ukapita Tanganyika, ukaufuata mto Kongo wote mpaka baharini. Agosti 1877, karibu na Boma, njaa ilipowashika kabisa, Stanley aliandika barua ya kuomba chakula kwa mtu yeyote wa Boma anayejua Kiingereza. Alisema amefika na watu 115, wanaume, wanawake na watoto. Siku ile ya njaa, watoto wote waliingia kwenye hesabu. Vitabu vingi vimeandikwa kuhusu mwanamume aliyeongoza safari ile ya siku 999. Vichache mno vimewauliza wale mama namna walivyomvusha mtoto maporomoko baada ya maporomoko, usiku wa mvua, huku mishale ikirushwa kutoka ukingoni, kisha wakafika naye Zanzibar akiwa hai.

Kulikuwa na misafara mingine ambayo hapakuwa na mama aliyeichagua. Alfred Swann, aliyekuja mwaka 1882 kuifanyia kazi London Missionary Society, alikutana njiani na msafara wa watumwa na pembe uliotoka bara, na humo akawaona wanawake waliobebeshwa pembe begani na mtoto mgongoni. Alimuuliza mnyapara ingekuwaje mama akizidiwa na mizigo miwili. Jibu alilopewa, kama alivyoliandika baadaye, ni kwamba mtoto ndiye angeuawa, kwa sababu pembe haiwezi kuachwa. Hakuna ukurasa wa historia ya uchukuzi wa Afrika Mashariki unaouma kuliko huo, na haifai kuandika raha za safari za watoto bila kuuweka hapo mezani.

Raha zilikuwapo, na ushahidi wake umehifadhiwa kwenye majina. Kwa Wajaluo, mvulana aliyezaliwa njiani huitwa Oyoo na msichana Ayoo. Kwa Wabukusu yuko Wangila. Kivu na Maniema, huko Kongo, Safari ni jina la mtu kamili, na lina wenyewe kila mtaa. Uzazi wa njiani ulikuwa wa hatari. Mkunga alikuwa yeyote aliyewahi kuzaa, na maji ya moto yalitegemea kama kuni zimelowa. Lakini mtoto akishapona, hakupewa jina la shida. Alipewa jina la njia yenyewe, na ukoo ukabaki nalo mpaka leo kwenye vitambulisho na madaftari ya shule.

Safari ya familia inayojulikana kwa undani kuliko zote za karne ile haikwenda bara bali ilivuka bahari. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1844, alikulia katika nyumba za baba yake Sultani, Mtoni na Mji Mkongwe, ambako mtoto mmoja alikuwa na watu wengi wa kumshika. Katika kumbukumbu zake, zilizochapwa Berlin mwaka 1886, ameeleza kwa makini malezi ya mtoto wa kasri: yaya wa kumnyonyesha, hirizi, udi na manukato, na siku ya arobaini ambapo nywele za kwanza hunyolewa kwa sherehe. Sehemu kubwa ya mikono hiyo ilikuwa ya watumwa, na Salme hakuificha habari hiyo.

Agosti 1866 aliondoka Zanzibar kwa siri ndani ya manowari ya Kiingereza, Highflyer, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Alijifungua mtoto wa kiume Aden mwezi Desemba, Ruete akiwa hayupo. Ruete alimfuata, wakafunga ndoa tarehe 30 Mei 1867 na siku ileile wakaanza safari ya Ulaya. Mtoto hakuifika Ujerumani. Alifariki njiani, hajatimiza mwaka.

Watoto wengine watatu walizaliwa Hamburg: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869 na Rosalie mwaka 1870. Agosti 1870 baba yao aliangushwa na tramu akafa, na Salme, ambaye sasa aliitwa Emily, akabaki na watoto watatu, mdogo wao wa karibu miezi minne, katika nchi ambayo lugha yake alikuwa bado anaifukuzia. Alihama mji hadi mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akitafuta mahali ambapo fedha kidogo ingetosha kodi na shule. Akafundisha Kiarabu kwa malipo. Mtoto wa kifalme aliyekuwa na yaya wake mwenyewe alijifunza ukubwani kwamba homa ya mtoto usiku ina mtu mmoja tu wa kuikesha. Mwaka 1885 alirudi Zanzibar na wanawe wote watatu, wakubwa sasa, akitumaini kupata urithi. Urithi hakuupata, lakini umati wa watu ulimpokea mitaani, na wanawe waliiona kwa macho yao nchi waliyoisikia katika hadithi tangu utotoni. Kwa fedha, safari ile ilikuwa hasara. Kwa watoto wale, ni vigumu kuamini kwamba ilikuwa hasara.

Bahari iliwabeba pia maskini. Baharia na mwandishi Alan Villiers alisafiri mwaka 1938 na 1939 kwenye jahazi kubwa la Kuwait lililoshuka na kaskazi kutoka Arabuni hadi Mombasa, Zanzibar na Rufiji. Huko Shihr, Hadhramaut, nahodha alipakia abiria zaidi ya 100. Wanaume walijaa sitahani kwenye upepo. Wanawake na watoto wao waliwekwa chini ya sitaha ya tezi, kwenye giza na joto, wiki baada ya wiki. Baadhi ya mababu wa wenye maduka ya Lamu na Mombasa walifika hivyo, wamekumbatiwa kifuani, hawajaiona bahari waliyoivuka.

Vita Kuu ya kwanza iliiweka mbeleko jeshini. Askari wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani walikuwa na desturi ya kwenda vitani na familia zao, na kamanda wao Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma mwishoni mwa 1917 kuingia Msumbiji, wake na watoto walikuwa nyuma ya kila kampuni. Walitembea mwaka mzima mwingine, mpaka silaha zilipowekwa chini Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Watoto walizaliwa katika mwendo huo na kubebwa siku iliyofuata. Jeshi lililosifiwa Ulaya kwa wepesi lilikuwa limebebewa vyungu vyake na akina mama.

Reli ilipokuja, mguu ulipumzika. Reli ya Uganda ilianzia Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu Desemba 1901. Reli ya kati iliondoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Njia iliyomchukua Burton miezi sasa ilikuwa ya siku mbili. Hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo aliyowahi kupewa mama mwenye mtoto mchanga katika nchi hizi, hata kama aliyeijenga hakumfikiria kabisa.

Kwa kweli hakumfikiria. Uchumi uliojengwa juu ya reli ulisimama kwenye dhana moja: mfanyakazi ni mwanamume asiye na mtu. Kodi ya kichwa na ya nyumba ilimtoa kijijini, treni ikamfikisha shambani au mjini, na mshahara ukapangwa wa kumlisha yeye tu. Mkewe alitakiwa kubaki nyumbani akilima. Mihogo na mahindi yake ndiyo yaliyomlisha mtoto, na kwa hiyo ndiyo yaliyojaza pengo la mshahara. Tajiri wa mkonge au wa kahawa alipata kibarua mzima, aliyekwisha kulelewa kwa miaka kumi na mitano au ishirini, bila kutoa hata uji wa asubuhi moja. Ukitaka kujua faida za makampuni yale zilitoka wapi, sehemu yake ilitoka kwenye jembe la mwanamke wa Buha, Unyamwezi, Ukamba au Nyanza, mwenye mtoto mgongoni.

Nairobi ndiko dhana hiyo ilikojengwa kwa mawe. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa za chumba kimoja, mara nyingi za kulaza wanaume kadhaa kwa hesabu ya vitanda. Familia zilizothubutu kukaa pamoja zilitundika shuka katikati ya chumba na kuishi nusu kwa nusu na mgeni. Mke alikuja mjini miezi ya baada ya mavuno, akashika mimba, akarudi shamba kuzaa. Hivyo watoto wengi wa reli na bandari walijua treni ya daraja la tatu kabla ya kujua sura ya baba yao vizuri.

Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Kamishna wa Kazi wa Kenya, F. W. Carpenter, ilisema wazi kile ambacho kila mama alikuwa anakijua: mshahara wa chini ulikuwa umekadiriwa kwa mseja, na haungeweza kulea familia. Ikapendekeza upandishwe hatua kwa hatua, kwa miaka kadhaa, ufikie kiwango cha mtu mwenye mke na watoto. Mwaka huohuo, tarehe 24 Aprili, serikali ileile ilianza Operesheni Anvil. Maelfu ya wanaume walizuiliwa, na wanawake na watoto wa Kikuyu, Kiembu na Kimeru wakaondolewa Nairobi na kupelekwa kwenye maeneo yao. Karatasi moja ilikiri kwamba mfanyakazi ana watoto. Nyingine iliwapakia watoto hao kwenye magari na kuwatoa mjini.

Kwenye mkonge wa Tanganyika mambo yalikwenda kwa njia nyingine kidogo. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua, nayo ikafungua kambi za mapumziko njiani na kusafirisha manamba kwa malori na treni kutoka Kigoma na Ruanda-Urundi mpaka Tanga, Korogwe na Morogoro. Wengi walikuja na wake na watoto, na wenye mashamba waliona faida yake: mwenye familia hatoroki upesi. Mtoto akawa aina ya dhamana.

Katanga, kusini mwa Kongo, ndiko kampuni moja ya kuchimba shaba ilikoamua kuwahesabu watoto hadharani. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iligundua katika miaka ya 1920 kwamba kuwaleta vibarua kutoka mbali kila miezi michache, wengine kutoka Ruanda-Urundi, ni gharama kubwa, na kwamba wengi walikufa. Kuanzia 1927 na 1928 ikabadili mwendo: mikataba ya miaka mitatu, mke aje, watoto waje. Posho ikagawanywa kwa mke na watoto pia. Zikajengwa zahanati za akina mama, mizani ya kupimia watoto ikawekwa, na shule zikakabidhiwa wamisionari. Watoto wa kambi za Élisabethville, Lubumbashi ya leo, walikua wakiongea Kiswahili kama lugha yao ya kwanza, bila kujali wazazi wao walitoka wapi. Vifo vya watoto vilipungua. Lakini kampuni ilitaka pia kuamua mama anyonyeshe muda gani na apumzike lini kati ya mimba na mimba, kwa sababu ilikuwa inawatazama watoto wale kwa jicho la mtu anayehesabu wachimbaji wa kesho. Mdororo wa uchumi ulipofika Katanga, baada ya 1930, familia nyingi zilirudishwa zilikotoka. Zahanati zile ziliokoa maisha, na hilo lisidharauliwe. Ila aliyeigharimia mizani alijiona pia ana haki juu ya aliyepimwa.

Daraja la tatu la treni, kwa viti vyake vya mbao na msongamano wake, lilikuwa na utamu ambao waliosafiri nao wadogo hawausahau. Mama alipanda na kikapu: chupa ya chai yenye uji wa ulezi, ndizi mbivu, mayai ya kuchemsha, kanga mbili za ziada, sufuria ndogo ambayo haikuwa ya kupikia. Mtoto alipitishwa dirishani kwanza, kisha mzigo, kisha mama mwenyewe akapigania mlango. Ndani, abiria wasiofahamiana walipokezana mtoto mikononi mpaka mama akae. Reli ya kati iligeuka soko refu lenye magurudumu, kila stesheni na bidhaa yake, asali ya Tabora, chumvi ya Uvinza, zabibu za Dodoma miaka ya baadaye, na mtoto aliyesimama kwenye goti la mama yake akiwa ameegemea dirisha aliona nchi nzima ikiuzwa kwake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, lakini ndani ya behewa lile mizigo ya wenzao watu waliisaidia.

Maziwani kulikuwa na meli. Liemba, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 na kurudishwa kazini mwaka 1927, ilipakia watoto wa Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi. Wengi wa kando ya ziwa walipanda kutoka kwenye mitumbwi katikati ya maji, kwa kuwa gati hazikuwapo: mtoto alirushwa juu, mikono ya baharia ikampokea, mama akafuata. Mwaka 1997 Liemba iliwarudisha makwao wakimbizi wa Kongo. Mei 2015 ilikwenda Kagunga, kijiji kidogo cha mpakani ambako makumi ya maelfu ya Warundi walikuwa wamekwama huku kipindupindu kikianza, ikawavusha hadi Kigoma kundi baada ya kundi.

Ziwa Viktoria lina kumbukumbu yake nzito. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwapo. Ya daraja la tatu haikuwapo. Idadi kamili ya waliokufa haikupatikana, na katika daraja lile la watu wa kawaida, watoto waliopakatwa ndio waliokuwa mbali zaidi na karatasi yoyote.

Barabarani, sheria isiyoandikwa imekuwa moja kwa miongo mingi: mtoto wa kupakata halipi. Matatu za Nairobi ziliruhusiwa rasmi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1973, daladala za Dar es Salaam miaka kumi baadaye, na katika zote mbili kondakta na mama wameujadili umri wa mtoto kila siku. Mtoto wa miaka sita hukunjwa miguu awe wa mitatu. Kondakta hujua, mama hujua kwamba anajua, na abiria huingilia kati, kwa kawaida upande wa mama. Kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki zilizoanza kutumika Kenya mwezi Februari 2004 ziliweka hesabu kali ya viti na mikanda. Paja la mama liliendelea kuwa kiti kisicho na mkanda.

Kwa reli mpya angalau umri umeandikwa. Treni ya umeme ya Dar es Salaam na Dodoma ilipoanza mwaka 2024, nauli ya kawaida ilipangwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima na 15,500 kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12; aliye chini ya hapo halipi. Kazini nako sheria zimesogea. Tanzania, tangu sheria ya ajira ya 2004, mama ana siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akizaa zaidi ya mmoja, na baba siku 3. Kenya, sheria ya 2007 inampa mama miezi 3 na baba wiki 2. Siku tatu za baba ni chache mno. Hazimtoshi hata mwenye mke aliyejifungulia Kigoma na yeye akiwa kazini Dar es Salaam kwenda na kurudi na kumshika mwanawe kwa utulivu.

Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 imekwenda mbali zaidi: inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea chenye mahali pa kunawa, jokofu la kuhifadhia maziwa, meza na kiti cha kupumzikia. Chumba hicho ni cha mfanyakazi. Msafiri hakutajwa. Basi la Mwanza kwenda Dar es Salaam huchukua siku nzima, na likisimama porini kwa ajili ya kuchimba dawa, wanaume hutawanyika upande mmoja na wanawake upande mwingine, wenye watoto wakiwa wa mwisho kurudi. Stendi nyingi zimewekewa mashine za tiketi, maduka na televisheni, na bado mama hubadilisha nepi juu ya begi lake mwenyewe, huku dereva akipiga honi na kondakta akiita kwamba gari linaondoka.